Kiziwi wa Barieri

Kila aliyepita njia ya Butembo kwenda Beni miaka ile ya vita alijua mambo mawili juu ya mzee Syauswa: kwamba ni kiziwi, na kwamba anasikia kuliko sisi wote. La kwanza walilijua wanajeshi. La pili tulilijua sisi wengine.

Uziwi wenyewe ulimjia kwa bahati. Bomu lilianguka karibu na soko, watu wakakimbilia msituni, na wanajeshi walipofika wakamkuta yeye peke yake anachoma makemba, zile ndizi ndefu za kupika. Wakamuuliza watu wamepitia wapi.

"Eeeh?"

Wakauliza tena, kwa kelele.

"Makemba? Ingali mabichi! Mungoje!"

Wakachoka, wakamwacha. Syauswa akaona dawa hiyo ni nzuri, akaendelea kuitumia.

Baadaye barieri, kizuizi cha wanajeshi, ikawekwa njiani mbele ya jiko lake kabisa. Wanajeshi walisema mambo yao yote mbele yake kama vile wanasema mbele ya mbuzi: kesho tutaingia kijiji fulani, tushike watu wa kutubebea masanduku ya risasi. Syauswa akisikia hivyo, alikifunika kitunga chake, mdomo chini. Mama aliyetoka shambani akiona kitunga kimelala kifudifudi, alirudi mbio kuwaambia wanaume wapande mlima. Kitunga kikiwa wazi, unapita na amani yako.

Kitu kimoja tu kilimtesa mzee: salamu. Kwetu, hata mtu mnayegombania naye mpaka wa shamba, akikuambia "Wavukire" unamrudishia kwanza, ndipo mgombane. Kuacha salamu ya mtu ianguke chini ni kama kumtemea mate. Syauswa alizimeza salamu za dunia nzima. Mimi mwenyewe nilimsalimia siku moja kwa uchokozi, nikaona koo lake linapanda na kushuka kama la kuku aliyemeza punje kubwa ya mahindi.

Sasa, daktari.

Daktari Ignace alikuwa mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma Butembo, kisha vita ikaja kukata njia kati yake na serikali yake. Badala ya kukaa analia, akaanza utafiti: alitaka kujua kama milio ya bunduki na ya mashine za kusaga unga inaua masikio ya watu. Alizunguka na muuguzi Emérence, binti wa Butembo aliyemtafsiria Kinande, na mimi, mtu ambaye miguu yake haijui kukaa mahali. Nilibeba sanduku na kuzungusha ufunguo.

Ufunguo ulikuwa wa visanduku viwili vya chuma, kimoja kwa kila sikio, vidogo kama saa ya mezani. Ukizungusha, kisanduku kinalia krrrrr, kama mahindi kwenye kikaango. Mgonjwa anaambiwa asali kwa sauti. Katikati ya sala unamwekea kisanduku sikioni. Kama sikio linasikia, sauti yake inapanda yenyewe ili ishinde ile kelele. Hata akikataa, inapanda. Kama sikio limekufa, anaendelea polepole tu, hajui kitu.

Tulipofika barieri tukienda Beni, komanda Jordy akatusimamisha. Alikuwa ametoka mbali, Équateur, na alisema na kila mtu kwa kupiga kelele, akiwa amegeuza kichwa upande kama kuku anayetazama mwewe. Akauliza sanduku lina nini. Daktari akamweleza yote, uso wake unang'aa kama wa mtu aliyesifiwa mtoto.

"Donc," Jordy akasema, "mutu akijifanya kiziwi, hii kitu inamushika?"

Emérence akakohoa. Na mimi nikakohoa.

"Inamushika," daktari akasema. "Hata akuwe mujanja namna gani."

"Bien. Kila mara tunaenda kutafuta babebaji, tunakuta kuku tupu kwa nyumba. Kuko mutu anatusikia." Akamwonyesha Syauswa kwa kidevu. "Unipimie ile muzee. Kama anasikia, munaona ile shimo nyuma ya barieri? Ataingia leo. Hatatoka."

Syauswa aligeuza kemba lake motoni, taratibu. Daktari akatutazama, akaanza kuelewa kikohozi chetu, na rangi ikamtoka. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka mdomoni.

Emérence alipita karibu na jiko akiimba kwa sauti ya kanisani, kwa Kinande, kwamba ee roho yangu, watakupigia kelele masikioni, wewe usipandishe sauti, usipandishe hata kidogo. Wanajeshi hawakuelewa kitu, wakampigia makofi. Koo la mzee likapanda na kushuka.

"Tuingie," Jordy akasema mbele ya hema tulilolisimika kwa turubai la shitingi. "Mimi nitakuwa ndani. Nataka kuona na macho yangu."

"Hapana, commandant," daktari akasema. "Ndani anaingia mutu mumoja-mumoja, na majibu ni yake peke yake. Ni sheria ya kazi."

"Sheria ya hapa ni mimi."

Daktari akakuna kichwa. "Sawa. Mais siwezi kupima kiziwi peke yake. Utafiti unaomba kwanza mutu wa masikio mazima, ndiyo nilinganishe. Nani hapa iko na masikio mazima?"

Jordy akajipiga kifua. "Hata mududu chungu akitembea, minamusikia!"

Akaingia hemani, akakaa kwenye kiti, akaanza Baba Yetu kwa Kilingala: "Tata wa biso, ozala o likolo…" Nikazungusha ufunguo, daktari akaweka kisanduku kwenye sikio la kushoto. Krrrrr! Jordy akaendelea kusali kwa upole, kama mtawa. Nikadhani kisanduku kimeharibika. Tukahamia sikio la kulia, na komanda akalipuka kwa sauti hata kuku wa barieri wakaruka na askari wake wakashika bunduki.

Daktari akaacha kisanduku kinalia sikio la kulia, akainama kwenye la kushoto. "Commandant, jina lako nani?" Hakujibu. "Commandant, suruali yako inaungua." Jordy akaendelea kuomba mkate wa kila siku.

Daktari akazima kelele, akamwambia taratibu, upande mzuri: "Sikio lako la kushoto limekufa. Siku mingi."

Jordy hakukasirika. Alitazama mlango wa shitingi, akanong'ona, na sikujua kama mtu yule anaweza kunong'ona: "Docteur, musaidizi wangu anatafuta hii kiti yangu ya komanda. Akijua, minarudishwa kwetu. Usiambie mutu."

"Siambiake mutu. Majibu ya sikio ni ya mwenye sikio. Nilikuambia, ni sheria."

Akaingia Syauswa. Alianza Salamu Maria kwa sauti ya panya, amekaza shingo, macho amefumba. Nikazungusha ufunguo polepole kadiri nilivyoweza. Krrrrr! "…umejaa neema," panya akasema. Kisha ikawa mbuzi, na alipofika "Mama wa Mungu" alikuwa askofu siku ya Pasaka. Alijaribu kujifunga mdomo na mkono. Sala ikapita katikati ya vidole.

Jordy akasimama, mkono kwenye bastola. "Imepanda! Mumesikia, imepanda!"

Emérence akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi niko na majibu ya batu wawili," daktari akasema. Sauti yake ilikaa pale pale. "Sheria ni moja kwa wote. Ukipenda nitangaze, natangaza kwa mupangilio. Aliyeingia wa kwanza, tunaanza na yeye."

Nje, msaidizi akaita: "Chef! Namna gani? Tuandae shimo?"

Jordy akamtazama daktari. Akamtazama Syauswa, ambaye alikuwa ameketi nje wakati wote wa Baba Yetu, jirani kabisa na shitingi. Mzee alimrudishia macho, kisha akainua kidole na kujikuna sikio. La kushoto.

"Kiziwi!" Jordy akapiga kelele. "Kiziwi kabisa! Mwache azeeke!"

Tuliporudi kutoka Beni, asubuhi, tukakuta jiko la Syauswa limehamishwa. Liko sasa karibu na kiti cha komanda, upande wa kushoto. Msaidizi akija upande ule na maneno yake, mzee anamkanyaga komanda kiatu, naye anageuka kwa wakati. Kitunga kilikuwa kimelala kifudifudi. Jordy alikiona, akatazama mlima, akaagiza chai.

"Huyu hapana kumupima tena," akatuambia. "Ni kiziwi. Mupite."

Nikainama kununua kemba. "Wavukire, tata," nikasema chini chini, kwa uchokozi ule ule.

Syauswa akachungulia msaidizi yuko wapi: yuko mbali, anakojoa. Akalitazama sikio la kushoto la komanda, pale pale karibu na bega lake. Kisha akavuta pumzi na kunirudishia salamu nzima, kwa sauti ya kifua: wavukire mwanangu, habari za nyumbani, za mbuzi, za mvua, akaongeza za komanda mwenyewe, na za mama aliyemzaa bila kumfundisha kuoga.

Jordy akaligeuzia mlima sikio lake zima, akapuliza chai yake.