Siku Hotuba Yangu Ilipopanda Treni

Jumamosi ile stesheni ya Harlan Grove ilitimiza miaka mia moja na ishirini, na hotuba nilipewa mimi. Nilistahili. Mchana nilitandaza vigae katika mabafu ya watu, jioni nikasoma shule ya watu wazima, na tangu nistaafu hakuna anayeijua historia ya stesheni yetu kunizidi. Anayebisha ni shemeji yangu Orville tu, na yeye hubishia hata kalenda.

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Jumatatu halmashauri ya mji ingepiga kura: jengo la stesheni, pamoja na chumba cha kungojea na jiko lake la chuma, lingebaki au lingevunjwa tupate maegesho zaidi ya magari. Kura zilikuwa sawa kwa sawa. Iliyobaki ilikuwa ya mwenyekiti, Bernadette Haugen, mama aliyekwenda kazini Chicago kwa treni ya stesheni hiyo nusu ya umri wake. Alikuwa ameniambia waziwazi, "Mzee Nowicki, jengo ni zuri, lakini uzuri hauegeshi gari. Nishawishi."

Basi tukakusanyika kwenye jukwaa la kupandia treni, mawingu yakiwa yametuna. Bendi ya wazimamoto wastaafu ilipiga, akina mama wa kanisa wakagawa maandazi ya jemu ya plamu. Mke wangu Lorraine akaninyoosha tai.

"Casimir, sema kwa ufupi. Watu wamekuja kula."

"Nitasema inavyostahili."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Nikapanda juu ya kreti. "Ndugu zangu," nikaanza, "stesheni hii tuliletewa na ng'ombe."

Wakacheka, nikajua nimewashika. Nikawaeleza jinsi treni zilivyokuwa zikipita hapa bila kusimama, hata mjane mmoja muuza maziwa, Agatha Brandt, akachoka kukokota madebe yake hadi mji wa jirani. Asubuhi moja akamsimamisha ng'ombe wake katikati ya reli. Treni ikafunga breki. Mjane akapakia maziwa, akamwondoa ng'ombe, akamtakia dereva siku njema. Kesho yake vilevile. Keshokutwa...

Hapo treni ya Chicago ikaingia, milango ikafunguka, na wasikilizaji wangu wote wakapanda.

Sitanii. Hakuna aliyeamua kupanda. Kwa mazoea ya kwenda kazini kila siku, watu wa Harlan Grove husimama kila mmoja mahali pake, pale mlango utakapokuja kusimama, na mlango ukifunguka miguu hujiendea yenyewe. Mama Haugen alipanda akitafuna. Bendi ilipanda ikipiga. Tarumbeta kubwa ilikwama mlangoni, ikasukumwa mpaka ikaingia pamoja na mwenyewe. Jukwaani tukabaki mimi, Lorraine na sinia la maandazi.

"Unangoja nini?" Lorraine akaniuliza. "Kura yako hiyo inaondoka."

Tukarukia ndani, milango ikafungwa. Bendi ikanyamaza, watu wakatazamana.

"Kwani tunakwenda wapi?" mtu mmoja akauliza, na behewa zima likaangua kicheko.

Kondakta akafika. "Tiketi, jamani."

"Sisi hatusafiri," Mama Haugen akamjibu. "Tuko kwenye sherehe."

"Mama, sherehe yenu inakwenda Chicago."

Lorraine akampa andazi. Akaliangalia, akaling'ata, akasema atatushusha kituo kinachofuata. Nami nikashika nguzo nikaendelea na hotuba, maana sikuwa nimemaliza. Nikaeleza jinsi kampuni ilivyochoka kusimamishwa na ng'ombe, ikaona heri ijenge stesheni, na jinsi siku ya ufunguzi ng'ombe alivyovishwa shada la maua, akalila. Kondakta alicheka hadi jemu ikamdondokea kwenye sare.

Tukashuka Weller Park, na mvua ikashuka nasi. Jengo la stesheni ya pale lilivunjwa zamani. Kuna uwanja mpana wa magari, na kibanda cha vioo cha kutosha watu wanane. Sisi tulikuwa kama sitini, na treni ya kurudi haikuwa na haraka. Mama Haugen alijifunika kichwa kwa karatasi ya muziki. Tarumbeta kubwa ilikuwa inajaa maji.

"Jengo la hapa lilikuwa wapi?" akaniuliza.

"Umesimama juu yake, mwenyekiti."

"Lilikuwa na jiko?"

"Majiko mawili."

"Usinitilie chumvi, mzee."

"Yalikuwa mawili," akasema shemeji yangu Orville, huku maji yakimtiririka puani. Lorraine akanishika mkono, maana sote wawili tulikuwa hatujawahi kumsikia akikubaliana nami.

Mama Haugen akautazama ule uwanja uliolala mtupu kwenye mvua. "Jengo lenu linabaki," akasema. "Jumatatu njoo, lakini hotuba iache nyumbani. Nimeshawishika, na nimelowa."

Treni ikaja, milango ikafunguka mbele yetu. Hakuna aliyeinua mguu mpaka mwenyekiti alipomaliza kumuuliza kondakta inakwenda wapi.