Shimo Lisilokuwepo

Mama Pacha alisimama mtu wa tatu kwenye mkanda wa kuchambulia plastiki, na mikono yake ilikwenda yenyewe: chupa za maji huku, ndoo kule, na pakiti za sabuni, mirija na nailoni chafu ndani ya pipa la vitu ambavyo mashine haikuviweza. Hivyo vya pipani mumewe alivisukuma kwa tingatinga hadi kwenye shimo nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Jumanne moja rundo liliporomoka, likamfunika Baba Pacha na tingatinga lake. Alhamisi, jua likielekea kuzama, alitokea nyumbani, akavua viatu mlangoni.

"Umekufa?" mkewe akamuuliza.

"Nimekufa. Lakini ardhi hainipokei, mke wangu. Juu nailoni, chini nailoni. Udongo wenyewe sijaugusa."

Pacha wakamletea madaftari. Hakula kitu, ila aliwasahihishia hesabu za sehemu, akakosea mbili, kama alivyokosea siku zote. Mama Pacha alimtoa vipande vya nailoni kwenye nywele, akilia bila sauti asiwakatize. Giza lilipoingia, akarudi shimoni. Ikawa hivyo kila jioni.

Wiki iliyofuata Mama Pacha akaenda kwa meneja kuomba shimo lifukuliwe, mumewe azikwe kama binadamu wengine.

"Shimo gani, mama?" Meneja alishangaa kidogo. "Hapa hatutupi kitu. Kila kitu kinarejelezwa."

"Shimo alilofia mume wangu."

"Nasikia anakuja nyumbani kila siku."

"Anakuja."

"Basi hajafa. Mwambie arudi kazini, ana siku tisa hajaonekana."

Mama Pacha akatoka ofisini. Akavaa glavu zake, akarudi mkandani, maana pacha walikuwa darasa la nne na kiwanda kingine hakikuwepo.

Mwezi huo walikuja wageni kukagua kiwanda. Shimo lilikuwa limeshamwagiwa udongo wa unene wa kiganja, likapandwa nyasi na maua, na hapo ndipo walipopigia picha. Walipoondoka, dereva mpya, mtu mkimya aliyetoka mbali, alionyeshwa pa kuchimba shimo la pili.

Mvua zilipoanza, jioni moja Baba Pacha aliingia na mtu nyuma yake, ovaroli imelowa chapachapa, nywele zimejaa vipande vya nailoni. Alikuwa yule dereva mpya.

"Kwao ni mbali," Baba Pacha akaeleza. "Hawezi kwenda na kurudi kabla ya giza."

"Karibu, shemeji," Mama Pacha akamwambia, akatoka kwenda kwa jirani kuazima kiti.