Saba Nukta Tatu

Lisbet Krogsgaard alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyowahi kumshinda. Kwa hiyo Preben Damsgaard, mwenyekiti wa chama cha bustani cha Lærkebo, ambako kila mwanachama hukodi kiwanja chenye kibanda, alipomletea katiba ya chama iliyopigwa taipu mwaka 1974, imebandikwa vipande vya masahihisho hadi imevimba, na kumwomba aiandike upya kwenye kompyuta, alikubali hata kabla hajamaliza kahawa yake. Si ndiye katibu wa chama? Alidhani ni kazi ya siku mbili. Ilimtoa jasho wiki tatu.

Maneno hayakumsumbua. Kilichomtesa ni namba. Katiba ile ina vifungu, vifungu vina watoto, na watoto nao wana watoto wao: saba, saba nukta moja, saba nukta moja nukta moja. Kompyuta ikajitia kujua kuhesabu. Ukishuka mstari, inakuwekea namba ambayo hukuiomba. Ukisogeza mstari kidogo kulia, saba nukta tano inageuka nane. Ukiurudisha, inakuwa moja, kana kwamba juu yake hapajaandikwa kitu. Lisbet alifuta, akaandika, akafuta tena, akaitukana mashine ile matusi ambayo shuleni angemfukuzia mtu. Mwishowe akafanya kama wafanyavyo wengi waliochoka. Mashine ilipokubali, aliiachia ipange namba yenyewe. Ilipogoma, aliizima na kuandika namba kwa vidole vyake. Ukurasa ukapendeza, na kwa macho huwezi kujua namba ipi ni ya mashine na ipi ni ya Lisbet.

Ajenda za mkutano mkuu, zenye namba za vifungu, zilikwisha kutumwa kwa wanachama Preben alipopiga simu.

"Lisbet, hawa manispaa wametuletea sharti lao la maji machafu. Wanataka liingie mwanzoni mwa sura ya saba."

"Sasa hivi, Preben? Nimeshamaliza."

"Kistari kimoja tu, mwenzangu. Kitakudhuru nini?"

Akakiingiza kile kistari. Kisha, kwa kuwa hakuiamini mashine, alikwenda kutazama mwisho wa sura. Saba nukta tisa ilikuwa bado saba nukta tisa. Akashusha pumzi na kuchapisha. Kumbe zile za mwisho aliziandika kwa vidole vyake mwenyewe, ndiyo maana hazikusogea. Za juu zilikuwa za mashine, na zote zilikuwa zimeshuka hatua moja, kimya kimya.

Sasa, Lærkebo wana desturi yao. Mkutanoni hakuna anayesoma kifungu kwa sauti. Mwenyekiti anataja namba, mikono inapanda, katibu anaandika, watu wanarudi kwenye keki kabla kahawa haijapoa. Wanajiona watu wa utaratibu sana. Mwezi wa tatu waliipitisha katiba mpya yote kwa mkupuo mmoja, halafu Preben akasoma ajenda ya sita: "Saba nukta tatu ifutwe. Wanaoafiki?" Kila mtu alijua hiyo ni marufuku ya kufuga kuku, ambayo wameilalamikia tangu enzi za taipu. Mikono yote ikapanda. Mtu mmoja nyuma akawika kama jogoo, ukumbi ukacheka. Wajumbe watano wa kamati wakatia sahihi kila ukurasa, na nakala ikapelekwa manispaa, wenye ardhi.

Mwezi wa tano Vagn wa bustani namba thelathini na moja akafariki.

Alikuwa ameishi na Jytte Bundgaard miaka ishirini na miwili bila kufunga ndoa, jambo ambalo pale halimshangazi mtu. Jina kwenye kitabu cha chama lilikuwa la Vagn peke yake. Lakini mawaridi aliyapanda Jytte, njegere za Jytte, kile kibanda cha mbao alikipaka rangi Jytte, na tangu Aprili hadi Oktoba wote wawili walihamia humo na kukifunga kile chumba chao cha ghorofa ya tatu mjini. Preben alifungua katiba ili amwandikie Jytte barua ya kumhamishia bustani, kisha akampigia simu Lisbet.

"Kile kifungu cha wanaoishi pamoja, kwamba mmoja akifa mwenzake anabaki na bustani, kiko wapi?"

"Saba nukta mbili."

"Saba nukta mbili ni rangi ya vibanda."

"Basi teremka kidogo."

"Nimeteremka. Tatu haipo, tuliifuta."

"Tulifuta kuku, Preben."

"Kuku wapo saba nukta nne. Bado ni marufuku, na kwa Henning nimewaona watatu."

Lisbet alikaa kitako. Akafungua faili, akaondoa kile kistari cha manispaa, na mbele ya macho yake namba zikapanda zote kwa pamoja, kila moja mahali pake, kwa adabu ambayo hazikuwahi kumwonyesha.

"Nairekebisha sasa hivi," alisema. "Kosa ni langu. Nachapisha upya ule ukurasa mmoja."

"Na sahihi zetu tano utazipata wapi? Unataka tughushi? Inabidi tuitishe mkutano wa dharura. Theluthi mbili wakikubali, kifungu kinarudi."

Lisbet alikwenda mwenyewe kumwambia Jytte, kwa miguu, ili njia iwe ndefu. Alimkuta anafunga njegere kwenye vijiti. Alimweleza yote, pamoja na vile vidole vyake.

"Kwa hiyo nimefutwa badala ya kuku," Jytte alisema.

"Mimi ndiye niliyekufuta."

"Acha kujitesa, mama. Watu wa hapa wananijua. Nani hajala jemu yangu? Wakiambiwa, watanyoosha mikono na tutakunywa kahawa."

Lisbet alifarijika mno, hata akaona haya kwamba anayefarijiwa ni yeye.

Mwezi wa sita ukumbi ulijaa, watu arobaini na sita. Lisbet aliomba avunje desturi. Hakutaja namba. Alisimama akakisoma kifungu kizima, neno kwa neno, kisha akasema nani kinamhusu na kosa lilikuwa la nani. Jytte alikaa mstari wa mbele amevaa kizibao cha Vagn. Hakuna aliyegusa keki.

Henning akanyoosha kidole. "Nauliza tu. Orodha ya wanaosubiri bustani ina watu wangapi sasa?"

"Sitini na wawili," alisema Preben.

"Mwanangu ni wa nne. Anasubiri mwaka wa kumi na moja huu."

"Na dada yangu ni wa pili," alisema mwanamke mmoja kwa upole, kama mtu anayeomba sukari.

"Sina ubaya na Jytte," Henning aliendelea. "Ila sheria tumeshaipitisha."

Zilihitajika kura thelathini na moja. Preben alihesabu mikono mara mbili, tena mara ya pili polepole, akimpa nafasi yeyote aliyechelewa. Ilikuwa ishirini na nne. Wengine walikuwa wanatazama ndani ya vikombe vyao. Lisbet aliwaangalia mmoja mmoja na hasira ikampanda, kwa sababu mwezi wa tatu hawa watu walikosea, lakini leo hakuna aliyekosea. Akaiandika hesabu ile kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule.

Jytte alimsubiri mlangoni. Hakuwa analia.

"Umesoma vizuri," alimwambia. "Hakuna ambaye hakuelewa."

Kisha akauliza kama mawaridi anaruhusiwa kuyang'oa aende nayo, au yanahesabiwa kuwa ya bustani. Lisbet alilijua jibu, na kifungu chake, na namba ya kifungu, akashindwa kuitamka.