Skrubu Isiyoshika Kitu

Mume wangu tunamwita Injinia, na si kwa sifa. Kila akitengeneza kitu hapa nyumbani, skrubu hubaki nje, naye huitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga anaoutunza kama mboni ya jicho. Feni ilibakiza moja, redio mbili. Pasi ilibakiza tatu, na tangu siku hiyo hupata moto upande wa kushoto tu.

Safari hii tuligombana kwa ajili ya kompyuta yangu. Mimi ni mdarizi, na michoro yote ya maua na majina ninayotia kwenye nguo kwa mashine imo humo. Ilikuwa imekuwa nzito ajabu: asubuhi naiwasha, nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe, narudi naikuta bado inazunguka. Injinia akatoa hukumu kwamba imekufa, na mnunua chakavu akipita Jumamosi aichukue. Nikamwambia ikienda kompyuta, na mkebe wake unakwenda. Akakubali upesi mno, nami nikazidi kukasirika.

Nikaipeleka diski yangu ya zamani, ile inayohifadhi kazi zangu zote, kwa muuza vipuri. Akanihamishia kila kitu kwenye diski mpya ya SSD, ile ya kasi, kijibao chembamba chenye urefu wa kidole. Akaniambia wala sihitaji fundi: niichomeke kwa mshazari kwenye sloti, ule mwanya wake juu ya ubao mkuu wa kompyuta, nisitumie nguvu, kisha niilaze na kufunga skrubu ndogo kule mwishoni. Skrubu yenyewe, alisema, huja na ubao. Nilitamani sana kuifanya kazi ile kwa mkono wangu. Tangu nimeolewa sijawahi kuachiwa bisibisi, isipokuwa ile ndogo ya cherehani yangu, na kama ningeshindwa, ningerudi kudarizi kwa sindano ya mkono huku Injinia akinisimulia kwa watu mpaka kwenye harusi za wajukuu.

Jumamosi ilipofika niliuweka mkebe mlangoni pamoja na ile pasi, ili Injinia ajue sitanii. Nikachomoa waya wa umeme, nikailaza kompyuta mezani, nikafungua ubavu wake. Wifi yangu, dada yake Injinia, alinishikia tochi. Nilishika kwanza chuma cha boksi la kompyuta ili umeme wa mwilini unitoke, kama nilivyoelekezwa. Meno ya dhahabu ya diski yana pengo, na pengo hilo lazima lielekee upande wake kwenye sloti. Wifi akasema pengo lenyewe kama la kaka yake. Nikamwomba asinichekeshe kabla sijamaliza.

Nikaisukuma taratibu, ikaingia. Nilipoiachia, ikainua mkia na kubaki mshazari. Nikailaza, ikainuka tena. Pale mwishoni palikuwa na kitundu, lakini skrubu hakuna. Tuliitafuta ndani ya boksi, chini ya meza, hadi kwenye mikunjo ya kanga ya wifi. Tukiwa bado tumeinama, mnunua chakavu akapiga hodi.

Injinia akaingia kuichukua kompyuta. Aliitazama diski ilivyosimama, akakitazama kile kitundu, akajikuna kichwa.

"Hapo palikuwa na skrubu," alisema.

"Palikuwa?"

"Mwaka jana, nilipofuta vumbi. Niliiona imefungwa peke yake, haishiki kitu. Nikasema hii ya nini, nikaitoa." Akashusha sauti. "Lakini sikuitupa, mke wangu."

Wifi aliketi sakafuni kwa kicheko. Mimi nilitaka kumrukia mume wangu, na nilitaka kumkumbatia, sijui kipi kilitangulia. Yeye alikuwa ameshakimbilia mlangoni. Mkebe ulikuwa juu ya mizani tayari. Akauondoa huku akiomba radhi, akaja kuumwaga mkekani. Tukainama wote, mnunua chakavu naye akaingiza kichwa chake. Wifi ndiye aliyeiona, ndogo kama chembe ya ufuta.

Niliifunga kwa ile bisibisi ya cherehani. Diski ikalala, ikatulia. Nikarudisha waya, nikabonyeza, na kwa mazoea nikageuka kwenda kubandika chai. Sijafika hata mlangoni, wifi akapiga kigelegele. Maua yangu yote yalikuwa kwenye kioo, yananisubiri mimi. Nilicheza pale pale, mtu mzima na miwani yangu, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Mnunua chakavu akauliza, sasa yeye aondoke na nini. Injinia akarudisha skrubu zake zote mkebeni na kumnyooshea.

"Chukua tu," alisema. "Mkebe huu umeshanifedhehesha vya kutosha."

Niliupokonya mkebe kabla haujafika mkononi mwa mtu. Nikampa pasi. Injinia alitaka kusema neno, akaniangalia, akamkunjia waya wa pasi.

Kisha akaniomba, kwa adabu ambayo sijaizoea, kama anaweza angalau kufunga ule ubavu wa kompyuta. Nikamwachia bisibisi, maana furaha hulegeza moyo. Alifunga kwa makini huku ulimi umemtoka pembeni, akaupangusa ubavu kwa shati lake, akasimama. Halafu akanifungulia kiganja polepole. Ilikuwa imebaki moja.

Nikamfunulia mkebe.