Glasi Tano za Jumamosi

Kunihiko Tazawa alikuwa amepewa hadi Jumatatu. Bwana Hatano, mkuu wa shule ya udereva ambako Kunihiko alifundisha miaka kumi na tisa kabla hajaacha kazi ili apike bia, alikuwa amemshikia nafasi yake ya zamani, lakini hakuweza kuishika zaidi ya hapo. Arudi au asirudi? Jibu lilitegemea kama bia yake ilikuwa nzuri, na katika mji mzima wa Ueda hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Si kwamba watu walinyamaza. Walisema, tena sana. "Rangi yake hiyo!" "Lebo imependeza, nani kachora?" Mwenye baa ya karibu na stesheni alionja, akafumba macho, akasema hii ni bia yenye tabia yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kunihiko alisifiwa miaka mitatu na hakutia hata tone. Lakini pipa alilopeleka pale baa mwezi wa nne lilikuwa bado limejaa nusu ulipofika mwezi wa sita, na wote wakakubaliana kwamba kosa ni la mvua.

Mwenye ulimi hasa alikuwa mkewe, Fusae, mpishi wa shule ya msingi. Supu ya watoto mia nne ikipungukiwa chumvi, yeye aliijua kwa mvuke tu. Hata hivyo kila alipopewa bia ya mumewe alisema, "Tamu, Baba Chika," kisha akatoka kwenda kumwagilia maua yake.

Kwa hiyo Kunihiko akatumia hila. Alinunua bia tano za watu wengine: nne zenye sifa, na moja aliyomwomba muuzaji kwa maneno haya, "Nipe ile ambayo mtu hainunui mara mbili." Alipoionja hiyo asubuhi aliitema kwenye sinki. Ya kwake hakuiweka. Ile ambayo mkewe angeinyooshea kidole ingeonyesha jinsi anavyoiona kweli bia ya mumewe.

Fusae alirudi mchana kutoka mazoezi ya kwaya, akakuta glasi zimepangwa mezani pamoja na bakuli la soya changa zilizochemshwa.

"Ee, tumefungua baa humu ndani?"

"Kaa uonje. Moja ni yangu. Sitaki uniambie tamu, niambie ni ipi tu."

"Mtihani wa leseni huu! Nikifeli narudia kozi?"

"Unarudia na kuegesha kinyumenyume."

Alicheka, akaketi, akaanza. Ya kwanza, ya ngano: "Safi. Aliyeipika hii hana haraka." Akaiacha nusu. Ya pili ilikuwa na limau. "Limezidi kidogo, ila halisumbui." Nayo akaiacha nusu. Ya tatu alipiga funda moja, akaisogeza pembeni. Ya nne aliisifu harufu. Ya tano, nyeusi tii, alisema angeipikia nyama.

Kisha akairudia ile ya tatu. Kunihiko alimtazama akiishika kwa mikono miwili na kuinywa taratibu, funda baada ya funda, pasipo kukunja uso, mpaka povu la mwisho. Akapangusa midomo.

"Hii ndiyo yako."

"Una hakika?"

"Miaka mitatu nainywa, nisiijue?"

"Haya, ikoje?"

"Tamu, Baba Chika."

Ilimuuma. Alidhani amejiandaa, kumbe hakujiandaa hata kidogo. Alitaka kumwambia kwamba ya kwake haimo kabisa, kwamba ile takataka imepikwa na mtu asiyemjua. Lakini macho yake yalikuwa kwenye zile glasi nne za bia nzuri, kila moja imebaki nusu, na ile moja iliyokauka. Fusae hajawahi kupenda bia tangu wafahamiane.

"Umepatia," akasema.

"Nilijua!" Fusae akapiga makofi, akachota soya kujipongeza. "Ulidhani utanibabaisha, mwalimu?"

Kunihiko akainuka, akaenda kumpigia simu Bwana Hatano kwamba anarudi, kabla furaha ya mkewe haijaisha.