Sentimita Tisa

Nina hasira za karibu, sikatai. Mtu akiligusa gari langu kwa maneno, mdomo wangu unatangulia akili. Ndiyo maana Jumapili ile, kwenye maegesho yetu chini ya mlima Akagi, niliweka gari langu dau mbele ya kundi zima la watu walioshika makopo ya kahawa.

Tunakutana pale kila Jumapili asubuhi, sisi wenye magari yasiyo na faida yoyote ila raha. Langu ni la njano, la viti viwili, paa linavuliwa, injini iko mgongoni mwa dereva. Ukilipakia mfuko mmoja wa mchele umelijaza. Nilipostaafu upishi wa shule wenzangu walijiunga na kwaya. Mimi nikanunua jeki. Springi nilizibadilisha mwenyewe, nimelala chali uani, nikaweka fupi, na gari likashuka chini vizuri kama nilivyotaka.

Bwana Hiyama, aliyekuwa mkuu wa posta, ana gari la rangi ya fedha linalong'aa kiasi kwamba unaweza kuchania nywele mbele yake. Siku hiyo alilizunguka langu mara mbili, akachuchumaa, akatoa pakiti ya sigara mfukoni na kuisimamisha chini ya ekzosi. Sheria ya nchi inataka angalau sentimita tisa kutoka ardhini hadi tumbo la gari, na sisi wapenda magari ya chini kipimo chetu ni pakiti. Ikipita bila kugusa, unajihesabia umepita ukaguzi wa serikali. Ilipita.

"Kazi safi," akasema. "Lakini mama, tuambie ukweli. Springi hizi kafunga mzee wako, siyo?"

Watu wakacheka. Mume wangu anafuga samaki wa mapambo, hajui hata boneti inafungukia upande gani.

"Bwana Hiyama, la kwako linafunguliwa na gereji, wewe unafungua mlango tu," nikamwambia. "Mimi nalipeleka langu ukaguzi Alhamisi, peke yangu. Siku ikiisha bila kibandiko cha kupita, lichukue, ni lako."

Kicheko kikakatika. Hiyama amelitamani gari lile tangu siku ya kwanza, na kila mtu pale anajua. Akaitikia kwa kichwa polepole. Ningeweza kusema ni utani. Sikusema, maana kurudisha maneno mdomoni sijawahi kujifunza.

Alhamisi nilimkuta Hiyama kwenye kituo cha ukaguzi, amefika kabla yangu, amesimama karibu na mashine ya soda, shati limepigwa pasi. Alinisalimu kwa adabu zote. Nikaingia kwenye foleni katikati ya vijana wa gereji, nikiwa mwanamke peke yangu. Breki zikapita. Moshi ukapita. Taa za mbele, ambazo huwaliza wengi, zikapita pia, na nikaanza kuimba mle ndani. Mwishoni mkaguzi mwenye miwani akainama na kijiti chake cha sentimita tisa, akakisukuma chini ya gari.

Kikagonga ekzosi.

Akaomba radhi kama vile kosa lilikuwa lake. Imepungua milimita chache, akasema, na kwa siku mtu anaruhusiwa kujaribu mara tatu tu, kwa hiyo nilibakiwa na mbili. Nikatoka na gari hadi maegeshoni huku masikio yanawaka moto. Pakiti ilikuwa imepita, niliiona kwa macho yangu. Nikamwita Hiyama, nikamwambia aitoe ile pakiti, nikaipima kwa tepu yangu. Ilikuwa fupi kuliko sentimita tisa, na pembe zake zilikuwa zimebonyea kwa kukaa mfukoni. Miaka yote hii sote tumekuwa tukiapa kwa kijisanduku cha karatasi. Hata mimi mwenye tepu sikuwaza kuitumia, maana nani anapima wakati pakiti ipo?

Nilishusha kila kitu kilichokuwa kwenye buti: spana, tairi la akiba, hadi zulia. Nikajaza matairi upepo zaidi. Nikarudi kwenye foleni. Mkaguzi akainama, na kijiti kikagonga tena, safari hii kwa sauti ndogo, lakini kilichogonga kimegonga.

Ikabaki mara moja. Nilikaa chini kwenye lami nikiwa na machozi ya hasira. Nilijiona nikimkabidhi mtu ufunguo wa kitu nilichokifungua na kukifunga bolti kwa bolti hadi mikono yangu ikakijua. Kisha nikalala chali na kutazama. Kishikizo cha ekzosi kina tundu refu kidogo. Bolti ilikuwa imekaa mwisho wa chini wa tundu hilo. Ikilegezwa, bomba linaweza kuinuliwa na kukazwa juu. Ila bomba lilikuwa la moto wa kuchoma nyama, na lango lilikaribia kufungwa.

Hiyama akachuchumaa kando yangu. Akatoa glavu nyeupe za ngozi, mpya kabisa.

"Acha nikufanyie," akasema. "Pakiti ilikuwa yangu."

"Glavu nipe. Mikono yako baki nayo."

Akanipa. Nikapiga jeki, nikaingia chini, nikalegeza bolti, nikalisukuma bomba juu kwa mkono mmoja huku nakaza kwa mwingine. Glavu zilinuka ngozi inayoungua. Nilipotoka zilikuwa nyeusi, na nikaingia foleni nikiwa gari la mwisho.

Kijiti kikapita. Mkaguzi akakipitisha tena kuhakikisha, kikapita tena, naye akatabasamu. Nilibandika kibandiko kwenye kioo, nikapiga kelele ya furaha hadi vijana wa gereji wakageuka.

Nje nilimrudishia Hiyama glavu zake, nikamuuliza gari lake ameliegesha wapi. Akatazama viatu vyake. Alikuja kwa treni, kumbe. Alivaa vizuri, akanunua glavu za kuendeshea, na alikusudia kurudi nyumbani na gari langu.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikamfungulia mlango wa abiria.

Nikapita njia ya mlimani, paa nimelivua, na kona sikuzihurumia. Hiyama alishika mlango. Kwenye kona ya tatu aligeuka kunitazama.

"Springi umezifunga vizuri, Bi Kinue."

Nikamwambia upepo ni mkali, sijasikia. Akarudia kwa sauti kubwa.