Taa ya Ghala na Wimbo wa Bendera

Mashine ya Asani, mpokea ishara za moto, haikuwa na waya wa kwenda nje, na sababu kila mtu aliijua: katika mji huu wa shaba, waya wa shaba hulala juu ya nguzo leo, kesho umeshakuwa bangili. Ndiyo maana wakubwa wa zone, yaani wilaya, ya Kamalondo waliagiza ving'ora vya redio. Kila ofisi ina kisanduku chake; moshi ukiingia, kinatuma ishara hewani, na mezani kwa Asani taa inawaka.

Asubuhi hiyo iliwaka taa ya ghala la karatasi, ng'ambo ya barabara. Humo Zabibu, mke wake, alikuwa akifagia, na mlango umefungwa kwa nje, kwa amri ya mkubwa, ili mfagiaji asitoke na karatasi za kufungia karanga.

Na nje bendera ilikuwa inapanda.

Bendera ikipanda, Zaire nzima inasimama. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye kikohozi anakimeza. Kusogea ni kutukana chama, na vijana wa chama hawana mzaha. Asani akapigia wazima moto simu. Ikalia, ikalia. Nao walikuwa wamesimama.

Akatoka mbio, katikati ya watu waliokauka wima. Bwalya, mlinzi wa funguo, alikuwa mbele ya mlingoti, mikono ubavuni, karibu na mkubwa, ambaye siku hizi sharti aitwe sitwayen, yaani mwananchi.

"Yaya Bwalya, kaka yangu, unipatie fungulo. Bibi yangu iko ndani, moshi inatoka."

Bwalya akajibu meno yamebanwa. "Ngoja wimbo iishe."

"Itaisha wakati gani?"

"Sitwayen mukubwa amesema tunaimba mubaya. Turudilie."

Wakaanza upya. Asani akatumbukiza mkono mfukoni mwa Bwalya, mbele ya mkubwa na vijana wa chama, akachomoa ufunguo. Bwalya hakumzuia, kuzuia nako ni kusogea.

"Unajiua, ndugu yangu," alisema tu.

Mlango ulipofunguka, Zabibu alitoka kwa magoti, macho yamevimba. Asani akamwinua. Zabibu akakohoa, akaiona bendera, na mwili ukafanya ulichozoezwa: mikono ubavuni, kidevu juu. Nyuma yao karatasi ziliwaka.

"Tukimbie?" alinong'ona.

"Tukimbilie wapi? Bameniona bote. Simama tu. Wimbo ikiisha, batakuya kunibeba."

Zabibu akatazama mbele. Kisha yeye, ambaye siku zote alichezesha midomo tu, akafungua kinywa akaimba kwa sauti, akiburuta kila neno, nyuma kabisa ya wenzake, ili mkubwa aagize warudie, wimbo usiishe.